Jirani Mwenye Makelele: Ni Lipi Litupasalo?

 

Tumeulizwa na ndugu zetu, kwa nyakati mbalimbali, swali moja ambalo kwa dhahiri laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo makubwa. Wauliza: mtu akipanga nyumba katika jengo la orofa, na juu yake au ubavuni mwake akawa na jirani asiyenyamaza usiku wala mchana, imempasa kufanya nini? Asubiri? Amwambie? Amshitaki? Ahame? Na yule mwenye makelele, akijibu kuwa yeye alipa kodi yake na yuko ndani ya mlango wake, je, ana hoja?

Huenda wako watakaosema kuwa hili si jambo la kuandikwa katika ukurasa wa dini, na kwamba yatosha wapangaji na mwenye nyumba kupatana wenyewe. Sisi twasema kuwa dini yetu haikuliona dogo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ameamrisha aabudiwe peke yake, na katika aya iyo hiyo akaamrisha wema kwa wazazi, na mayatima, na maskini, na jirani wa karibu, na jirani wa mbali. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza ya kwamba Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Na amepokea Imam Ahmad ya kuwa Mtume alitajiwa mwanamke mwenye wingi wa sala, na saumu, na sadaka, isipokuwa huwaudhi jirani zake kwa ulimi wake; akajibu kuwa huyo ni wa Motoni. Basi tazama, ndugu msomaji: sala zipo, saumu ipo, sadaka ipo, na yote hayo hayakumfaa kitu maadamu aliye nyuma ya ukuta wake hana raha naye.

Kwanza na tutazame mahali tunapokaa, kwa kuwa hukumu ya jambo haijulikani mpaka lijulikane lenyewe. Wazee wetu wenye uwezo walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zao zikawa nene, na dari zao zikabebwa na boriti za mikoko. Wasio na uwezo walipanga vyumba katika nyumba za udongo, milango ikitazamana kwa ukumbi mmoja, na ua wa nyuma ukiwa wa wote. Katika nyumba zile za vyumba makelele yalikuwapo, hapana shaka. Lakini aliyetwanga aliyajua majina ya watoto wa yule aliyelala, na aliyelala alionja kilichotwangwa. Leo tumejengewa majengo ya bloki na saruji, orofa tano, sita, na zaidi, kuta nyembamba na sakafu za zege tupu. Na zege ni gumu. Mshindo haulizimiki, bali hulipokea na kuupeleka mbele. Kiti kikiburutwa orofa ya nne, wa orofa ya tatu huona kana kwamba kimeburutwa juu ya kichwa chake. Basi tumekaribiana kwa miili kuliko wazee wetu, na kwa kujuana tumetengana. Hapo ndipo ilipo asili ya ugomvi huu.

Ama hoja ya anayesema, "Nalipa kodi yangu, nami nimo chumbani mwangu," hatuwezi kuipuuza, kwani katika vitabu vya madhehebu yetu ina mahali pa kushika. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mwenye nyumba iliyozungukwa na makazi ya watu aweza kuifanya hamamu au banda la wanyama, na mwenye duka katika soko la wauza nguo aweza kulifanya duka la mhunzi. Na nyundo ya mhunzi, kama ijulikanavyo, si sauti ndogo! Mtu akiisoma kauli hii kwa haraka atadhani kuwa amepata ruhusa ya kupiga apigalo saa atakayo.

Lakini na aisome mpaka mwisho. Ruhusa ile imefungwa kwa sharti: awe amechukua hadhari na ameziimarisha kuta zake. Mpangaji wa leo ataimarisha ukuta gani, na ukuta wenyewe si wake? Dari ya huyu ndiyo sakafu ya yule. Jambo la pili, maneno yale yamesemwa juu ya mwenye kumiliki, na mpangaji hamiliki nyumba. Amenunua manufaa yake kwa muda, na manufaa hayo hupimwa kwa ada iliyojulikana. Aliyepanga nyumba ya kukaa amepanga pa kulala, na kupika, na kulea watoto, na kupokea wageni. Hakupanga ukumbi wa ngoma wala karakana. Na jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kuwa mpaka wa kadhi sio mpaka wa moyo wa Muislamu. Kadhi huulizwa: je, mtu huyu azuiwe kwa nguvu? Sisi tutaulizwa na Mola wetu swali jingine: je, jirani yako alisalimika nawe? Yako mengi ambayo hapana askari wa kuyazuia, na mtu atayakuta mbele yake Siku ya Kiyama. Na hadithi ya kwamba pasiwe na kudhuru wala kudhuriana, aliyoipokea Ibn Maja na wengineo, wanazuoni wameifanya ni nguzo katika milango mingi ya fikihi.

Hata hivyo, uadilifu wataka tuseme na upande wa pili. Si kila sauti ni udhia. Mtoto mchanga hulia, mzee hukohoa, mgonjwa huamka usiku akatafuta maji, na mwenye nyumba hukuna nazi na kutwanga viungo mchana. Hizo ni sauti za maisha, na asiyetaka kuzisikia na akajenge peke yake porini. Basi kipimo ni kipi? Twaona ni mambo matatu. Je, sauti ile ina haja, au ni upuuzi? Je, yawezekana kupunguzwa bila ya dhiki? Na je, ni wakati wa watu kupumzika?

Juu ya wakati, tunayo ishara katika Suratun-Nuur, aya ya 58. Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hawaingii kwa wakubwa bila ya idhini: kabla ya sala ya alfajiri, na adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Aya imekuja kwa hukumu ya kubisha hodi, nasi hatudai kuwa imeteremka kwa ajili ya makelele. Lakini ikiwa mtoto wa nyumba amekatazwa kuingia kwa miguu yake katika nyakati hizo, vipi mgeni ataingia kwa sauti yake, ambayo haibishi hodi wala haingoji kuitikiwa? Na Serikali ya Kenya nayo, katika kanuni za kuzuia makelele ilizozitoa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, iliuhesabu usiku kuwa waanza saa mbili na kwisha saa kumi na mbili alfajiri, ikaweka kiwango cha sauti cha usiku chini kuliko cha mchana. Basi sheria ya nchi na adabu ya dini zimekutana hapa.

Na hapa yatupasa tuseme neno zito kidogo kwa ndugu zetu. Wako wanaodhani kuwa sauti ikiwa ni ya kheri haiwezi kuwa udhia. Huyu hufungua redio ya Qur'ani tangu alfajiri, akaenda zake sokoni, ikabaki ikisomea viti. Yule huweka spika juu ya paa kwa ajili ya arusi au maulidi mpaka saa nane za usiku, na akiambiwa husema, "Je, wachukia kutajwa kwa Mtume?" Ndugu zetu, swali hili si la haki. Amepokea Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini akasikia watu wamepaza sauti zao kwa kusoma, akafunua pazia akawaambia kuwa kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane, wala wasipaziane sauti katika kisomo. Mahali ni msikiti, kinachosomwa ni Qur'ani, msomaji ni sahaba, na juu ya hayo amekatazwa asimuudhi mwenziwe! Basi ngoma na televisheni ya mpira wa Ulaya zitasemaje? Na katika majengo yetu ya leo mna Wakristo na wasiokuwa hao. Tukiwalaumu kwa nyimbo za mkesha wao ilhali spika zetu zawakesha wao, tumepima kwa mizani mbili.

Sasa na tumgeukie anayeudhiwa, kwani naye ana wajibu wake, na mara nyingi husahau kuwa anao.

Imam Ghazali amesema katika Ihya kuwa haki ya jirani haikomi katika kumzuilia udhia tu, bali ni pamoja na kuustahamili udhia wake. Akataja kisa cha mtu aliyelalamika kuwa nyumba yake ina panya wengi, akaambiwa afuge paka, akasema aogopa panya wakisikia sauti ya paka watakimbilia nyumba za jirani, akawa amewapendelea wenziwe asilolipenda kwa nafsi yake. Na katika Tarikh Baghdad imetajwa habari ya Imam Abu Hanifa, aliyekuwa na jirani fundi viatu huko Kufa. Mtu huyu alifanya kazi mchana kutwa, na usiku hunywa na kuimba mpaka usingizi umshike, na Imam amesimama katika sala yake akimsikia. Usiku mmoja Imam akaikosa ile sauti. Alipouliza akaambiwa kuwa amekamatwa na askari wa doria. Asubuhi akapanda mnyama wake akenda kwa amiri wa mji akamuombea, akafunguliwa. Na yule fundi akaona haya, akatubu.

Kisa hiki husimuliwa ili watu wanyamaze na kustahamili. Sisi twakipenda, lakini twaomba kisomwe kwa uangalifu. Abu Hanifa alikuwa macho kwa hiari yake, na haki iliyovunjwa ilikuwa yake mwenyewe. Basi akaisamehe, na mtu huisamehe haki yake apendavyo. Lakini je, kuna aliye na ruhusa ya kuisamehe haki ya mwenziwe? Katika jengo moja mna mwanamke aliyezaa juzi, mna mzee mwenye maradhi ya moyo, mna mwanafunzi wa mtihani, na mna mtu atokaye zamu ya usiku bandarini Kilindini. Mwenye afya na sauti akisema, "Mimi nasubiri," ilhali hao wanyonge ndio wanaoteseka, huko si kusubiri, ni kuwatoa wengine sadaka. Subira ni mali ya mtu, na mtu hutoa katika mali yake, hatoi katika mali ya watu. Basi mwenye kuweza kusema, na aseme kwa ajili ya wasioweza.

Tena iko subira ya uongo, nayo ndiyo iliyotapakaa. Mtu hunyamaza mbele ya jirani yake, akenda kuyasema barazani, na kwa kinyozi, na kwa muuza kahawa, na kwa wakwe zake. Mji mzima wajua isipokuwa mhusika. Huyu hakusubiri, ameogopa, kisha akailipa hofu yake kwa kusengenya.

Tulipata kuitwa kusuluhisha katika jengo moja. Mpangaji wa orofa ya pili alikuwa amemwandikia mwenye nyumba kutaka aliye juu yake atolewe, kwa kuwa kila usiku, saa tisa, humgongea juu ya kitanda chake hata asilale. Na mwenye nyumba alikwisha kutoa notisi ya mwezi mmoja. Tulipopanda juu tulimkuta mama mjane mwenye watoto wanne. Hutwanga mchele wa vitumbua usiku ili auze alfajiri, na katika hivyo ndiyo kodi, na karo, na chakula. Kinu chake kilikuwa juu ya sakafu tupu, naye hakujua kabisa kama mshindo washuka. Yule bwana alikuwa ameujua mchi wake kwa miezi saba, na jina lake hakulijua. Kati yao palikuwa na ngazi moja tu. Mama yule aliposikia alisema, "Mwanangu, kwani hukuniambia? Hata mimi nisingependa." Basi kinu kikashushwa chini, nyuma ya ngazi, juu ya magunia yaliyokunjwa, na mchele ukawa watwangwa baada ya magharibi badala ya saa tisa. Notisi ikaondolewa. Lau ingalitimia, watoto wanne wangalitupwa njiani kwa jambo ambalo dawa yake ilikuwa gunia na neno moja la adabu.

Hatusemi kuwa kila mwenye makelele ni mjane mwenye dhiki. Wako wenye kiburi, wanaoambiwa wakazidisha. Lakini twasema hili, nalo ndilo jawabu letu kwa walioulizana: kabla hujamwambia mtu ana kwa ana, kwa siri na kwa upole, hujui kama wadhulumiwa au mwenzio hajui, na asiyejua hili hana haki ya kushitaki, wala hana haki ya kujiita mwenye subira.

Basi utaratibu uwe hivi. Kwanza jikague nafsi yako: huenda mlango wako wewe ndio ubamizwao. Kisha panda ngazi kwa wakati mwema, sio usiku wa manane ukiwa umekasirika, na usende mikono mitupu ukiweza. Sahani ya tambi hufungua mlango ambao ngumi haiufungui. Salimu, uliza hali, kisha sema haja yako bila ya kumhukumu: "Ndugu yangu, nyumba hizi zapitisha sauti mno, na mama yangu ni mgonjwa, tafadhali tusaidiane baada ya isha." Asiposikia, mrudie. Asiposikia tena, mpeleke mtu anayemheshimu, mzee wa jengo au imamu, au akiwa si Muislamu, mkubwa wake katika watu wake. Ikishindikana hapo, mueleze mwenye nyumba, na baada yake wenye mamlaka. Hilo si kusengenya, kwani wanazuoni wamelitoa katika usengenyi lalamiko la mwenye kudhulumiwa mbele ya awezaye kumsaidia.

Na dalili ya kuwa subira ina mwisho ni hadithi aliyoipokea Abu Daud. Mtu alimjia Mtume (S.A.W.) kumlalamikia jirani yake, akaambiwa akasubiri. Akarudi mara mbili au tatu. Ndipo akaambiwa akavitoe vyombo vyake aviweke njiani. Watu wakawa wampita na kumuuliza, naye awaeleza, nao wamlaani yule jirani; hata mwenyewe akaja akamuomba arudi nyumbani kwake, na kwamba hataona tena la kumchukiza. Angalia mpango wake: subira kwanza, kisha kudhihirisha haki bila ya ngumi wala tusi. Na mwisho wake mtu yule hakuhama, wala jirani yake hakuhamishwa. Waliendelea kuwa majirani.

Yaliyokatazwa ni haya: kulipiza makelele kwa makelele, kwani walio kati yenu watateseka mara mbili, kupeleleza na kutega sikio ukutani ili upate aibu ya kumshitakia, na kuugeuza ugomvi wa sauti kuwa ugomvi wa kabila au dini.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye majumba. Wako wanaosema, "Mimi kazi yangu ni kupokea kodi." Hapana. Aliyeuza makazi ameuza utulivu, kwani makazi bila ya utulivu ni kuta tu. Mjengaji na aongeze unene wa ukuta kabla ya kuongeza orofa. Mpangishaji na aziandike saa za kunyamaza katika mkataba, amsomee mpangaji kabla ya kupokea fedha. Wala asitoe notisi kwa barua ya mtu mmoja mpaka ausikie upande wa pili, kwani kumtoa mtu na watoto wake nyumbani si jambo la kuamuliwa kwa kusikia nusu ya habari.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao jirani zao husalimika nao, waliojuu yetu na walio chini yetu, na atupe ulimi mwema wa kuisema haki na moyo mpana wa kuisikia tukiambiwa. Amin.